Midomo Inang'aa ya Nani

Duka la Maina, Malindi
4 Oktoba 1987

Hawe Kanze,

Shikamoo. Mjukuu wako Randu ni mzima, ninakula, ninalala, na lile shati ulilonishonea bado linanibana makwapa. Mwambie Mwalimu Jedida anapokusomea hii asiruke maneno. Namjua. Barua ya mwaka jana aliruka habari yote ya mnazi.

Nimehama chumba, siku hizi nakaa Shella. Kazi ni ile ile: asubuhi natengeneza redio, mchana nanakili kanda. Lakini kuna jambo limetokea dukani nalo ndilo limenifanya nikuandikie. Maina, tajiri wangu, alikwenda kwao bara kumzika babake, akarudi na sanduku la santuri. Si za dini, si za mapenzi. Ni nyimbo za kuchekesha za zamani hizo. Kuna ya bwana mmoja aliyenunua baiskeli, akawa anaibeba kichwani isichafuke. Kuna ya karani aliyevaa miwani isiyo na vioo ili aonekane amesoma. Maina ananitafsiria huku machozi yanamtoka.

Watu wakasikia kutoka barabarani, wakaingia. Wauza samaki, makuli, wazee wa mjini na kofia zao. Kila mmoja anasema, "Hata sisi tulikuwa nazo zetu." Mmoja anaimba nusu, nusu ameisahau, mwenzake anammalizia. Basi mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akasema, "Siku hizi redio inasifu tu. Inasifu asubuhi, inasifu mchana, mpaka mtu unajiuliza kama kuna aliyebaki wa kuchekwa." Hapo mmoja akatazama mlangoni. Maina akageuza santuri upande wa pili haraka haraka.

Ndipo nikakumbuka wimbo wako wa ini. Nakumbuka unauimba ukisaga, nakumbuka makofi mawili, na shangazi Kahonzi akianguka kwa kicheko. Maneno ndiyo yamenipotea. Nitumie, hawe. Jumamosi huwa napiga gitaa pale klabu ya pombe ya mnazi, na nimechoka kupiga vitu vya watu wengine.

Mjukuu wako na mume wako mdogo,
Randu

*

Ganze
18 Oktoba 1987

Randu, mume wangu mdogo,

Marahaba. Jedida anasema barua huanza kwa "natumai hujambo." Mimi sitaki kutumai, nataka kujua. Shati halikubani kwa sababu nimekosea kushona, linakubana kwa sababu ya chapati za hoteli. Kisima kimekauka. Tunachota kule ng'ambo kwa kina Kadii, tukirudi jua limeshatukasirikia. Mahindi yamesimama kama vijiti vya kuchokolea meno. Ndiyo habari, ingawa hujauliza.

Unataka wimbo wa ini. Jedida hapa amekunja uso kama mtu aliyeonja ndimu. Yeye ni mtu wa kanisa, anafikiri ni matusi. Andika, Jedida. Ini si tusi, hata wewe unalo.

Mwaka ule wa kiangazi, kabla babako hajazaliwa, wazee walichinja mbuzi mweusi wa kuombea mvua. Ini la mbuzi yule haliliwi na mtu. Linachomwa, linawekwa, watu wanaomba. Babu yako, Randu mkubwa, aliachwa alinde moto. Tuliporudi na maji, moshi upo, mbuzi yupo, ini halipo. Na babu yako amekaa pale anatazama mawinguni kama malaika, midomo inang'aa. Mimi nilikuwa mke mpya, hata sufuria zangu hazijashika masizi. Ningeweza kulia kwa aibu. Nikaimba.

Mbuzi tumemchinja, ini liko wapi?
Moshi tumeupata, nyama iko wapi?
Tazama midomo, inang'aa ya nani?
Ni ya...

Hapo unapiga makofi mawili, unanyamaza. Sikia sana, Randu. Mwimbaji hatii jina. Ukitia jina wewe, huo si wimbo tena, ni ugomvi. Pengo lile ni la watu, wao ndio wanaojua nani amekula. Siku ile wanawake wote waliita "Randu!" na babu yako akafanya linalotakiwa. Akasimama, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono mbele ya watu, akacheza mpaka nje ya uwanja. Anayejifuta na kucheza, mambo yake yamekwisha. Anaachiwa njia. Hakuna wa kumgusa, na kesho hakuna wa kumkumbusha. Tulimcheka mpaka mvua ikanyesha. Ilinyesha, ndiyo! Wazee walikasirika kuliko wangekasirika kama isingenyesha.

Tangu hapo ukawa wimbo wa kila mtu. Harusini, matangani, aliyejipakulia kuliko wenzake anajua leo ni zamu yake. Hata yule mzee wa kijiji wa enzi za Mzungu, aliyekuwa akitutia hofu kwa kofia yake tu, alitajwa, akavua kofia, akajifuta. Mimi mwenyewe nimetajwa. Kwa kuku. Sijutii, alikuwa mnono.

Basi maneno nimekupa. Lakini uwaimbie watu wanaojua kujifuta. Asiyejua kujifuta usimwimbie.

Hawe yako,
Kanze
(dole gumba langu hilo, Jedida amenipaka wino mpaka kwenye kiwiko)

(Nimeandika yote, sikuruka. Mwl. Jedida.)

*

Malindi
9 Novemba 1987

Hawe, shikamoo.

Ungekuwepo! Jumamosi ya mwisho wa Oktoba klabu ilijaa mpaka watu wamekalia mitungi iliyopinduliwa. Nikaanza na gitaa pole pole, nikaeleza kidogo habari ya babu na mbuzi, wakaanza kuguna kwa raha. Wazee walioujua wakaitikia kabla sijamaliza mstari. Mzee mmoja akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nilidhani wimbo huu umekufa na mke wangu."

Nikafika kwenye makofi. Nikapiga mawili, nikanyamaza kama ulivyosema. Nilidhani watamtaja mwenye klabu kwa sababu mnazi wake una maji. Watu wakatazamana. Kisha kutoka nyuma kabisa Mwambire akaita. Unamkumbuka, yule mgema wa Matsangoni mwenye sauti kama baragumu. Akaita, "Kahindi!"

Na wote wakafuata. "Kahindi! Diwani Kahindi!" Hawe, mabenchi yalianguka. Watu wanalia, wanapigana mabegani. Mama mmoja wa huko kwetu Ganze akapanda mezani akauliza, "Na yale mahindi ya manjano ya msaada, mwayakumbuka?" Nani asiyeyakumbuka. Mwaka ule wa njaa tuliyaona yakipita kwenye malori tukapiga vigelegele, kisha tukayaona tena sokoni yakiuzwa. Na sasa huyo huyo Diwani anataka kiti kikubwa zaidi, na mwakani kwenye uchaguzi tutapanga foleni nyuma ya picha yake, kila mtu akionekana. Watu walikuwa wamelibana hilo kifuani muda mrefu. Wimbo wako uliwafungulia mlango.

Maina alikuwa ameweka tepu rekoda karibu na mguu wangu, mimi sikuiona. "Randu," akaniambia, "hii wimbo iko na moto. Mimi sisikii maneno yote, lakini hata mimi nimejikuta nimesema Kahindi." Tumenakili mpaka mashine ikanuka. Kuna kanda Watamu, kuna kanda Kilifi, juzi nimeisikia ikitoka dirisha la kinyozi na wateja wote wanaitikia na sabuni mashavuni. Makofi yanasikika safi kabisa. Sauti ya Mwambire ndiyo ya kwanza.

Jana mtu mmoja alinunua kanda mbili. Amevaa viatu vya kamba na joto hili. Nikamwekea kidogo aone inafanya kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudishe hapo kwenye makofi. Nikarudisha. Akaomba tena. Hakucheka hata kidogo, hawe. Labda si mtu wa pwani.

Mjukuu wako mwenye sifa mji mzima,
Randu

*

Ganze
22 Novemba 1987

Randu,

Jedida alinisomea barua yako nikiwa napepeta. Alipofika kwa huyo mwenye viatu niliweka ungo chini, na mpaka leo sijaumaliza.

Mtu anayesikiliza wimbo wa ini asicheke, huyo hasikilizi wimbo. Anatafuta sauti ya nani ni ipi.

Mjinga wewe. Nakupenda, lakini mjinga. Nilikupa wimbo wa kuimba, nani alikuambia uufungie kwenye kanda? Wimbo ule ukiimbwa unakwisha. Aliyetajwa amecheza, ametoka, kesho mnachota maji pamoja. Wewe umeufanya usiishe. Kila mtu akibonyeza, Mwambire anaita tena. Kwa kinyozi anaita, hotelini anaita, na mwenyewe yuko juu ya mnazi wake hana habari kwamba mdomo wake unatembea mjini peke yake.

Sasa nikwambie la Kahindi, maana ninyi vijana mnafikiri watu wakubwa walianguka kutoka juu wakiwa na suti. Huyo unayemwita Diwani nilimbeba mgongoni mimi. Mamake alipougua nilimnyonyesha pamoja na shangazi yako Kahonzi, mmoja huku, mmoja huku, na yeye ndiye aliyekuwa akiuma. Ameukulia wimbo huu. Tulimtaja kwa sukari akiwa hana hata meno ya mbele, akajifuta kwa mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akacheza, watu wakammiminia vigelegele. Kwa hiyo nasema, kama moyo wake bado uko nyumbani, atakuja klabuni siku moja, atajifuta, atacheka, na yameisha. Ndivyo ninavyosema Jedida akiwa hapa. Akiondoka nasema mengine, na hayo hayaandikiki.

Vunja kanda. Mwambie Maina nimesema mimi. Na Mwambire aende akalale kwa dadake kwa muda. Asipande mnazi wa kandokando ya barabara.

Hawe yako,
Kanze
(dole)

*

Malindi
13 Desemba 1987

Hawe, shikamoo.

Barua yako imechelewa sana, na ilipofika gundi ya bahasha ilikuwa bado mbichi.

Kanda hazikungoja nizivunje. Walikuja na gari lisilo na maandishi wakachukua zote, hata za kwaya, hata lile sanduku la santuri za babake Maina. Tangu siku hiyo Maina anakaa tu nyuma ya kaunta tupu. Jana akasema, "Baba yangu alificha hizo santuri wakati wa Imajensi ya Mzungu, chini ya zizi la mbuzi, na hakuna mtu alizipata. Mimi nimeziweka dirishani."

Mwambire hakulala kwa dadake. Hakulala popote panapojulikana. Kibuyu chake kimekutwa kinaning'inia juu, mnazi umefurika umemwagika mpaka chini ya mti, nyuki wamejaa. Mkewe anakuja dukani kila asubuhi. Anakaa kwenye benchi na kanga yake mdomoni. Halafu anasema, "Niwekee nimsikie," kwa sababu sauti ya mumewe imebaki kwenye kanda tu. Nami kanda sina.

Jumanne akaja Diwani mwenyewe. Akaingia anatabasamu, akaagiza soda, akanipa na mimi. "Kumbe wewe ndiye mjukuu wa Hawe Kanze! Mbona hukusema? Yule ni mama yangu." Nikasema ndiyo, Mheshimiwa. "Nina harambee Matsangoni mwezi ujao, ya zahanati. Uje utuimbie ule wa ini." Nikamwambia nimeusahau. "Hapana," akasema, "hujausahau. Uuimbe vilevile. Ukifika kwenye makofi, unyamaze vilevile. Nataka kusikia watu wangu wanasema nini nikiwa nimekaa mbele yao." Akanishika bega, akaacha mkono hapo mpaka soda yake ikaisha. Yule mwenye viatu alikuwa amesimama mlangoni, na nje walikuwapo wenzake.

Hawe, atakayefungua mdomo siku hiyo ataondoka kama Mwambire. Wasipofungua, wimbo utabaki mikononi mwangu, na mimi ndiye nitakayeulizwa ulikuwa unamngoja nani. Na nisipokwenda, wanajua ninapolala. Nifanye nini?

Randu

*

Ganze
27 Desemba 1987

Kwa mjukuu wangu Randu, na kwa wewe mwingine unayeisoma kwanza. Habari yako nawe. Safari hii gundi uiache ikauke, unamchelewesha mtoto.

Randu, nenda ukaimbe. Diwani ni mwanangu, nimefurahi ametukumbuka. Vaa lile shati nililokushonea, hata kama linabana. Imba kama nilivyokufundisha, usiongeze, usipunguze. Pengo liache.

Kumbuka umepewa jina la nani. Basi.

Jedida atapita Malindi shule zikiwa bado zimefungwa, anataka betri za redio. Watazungumza na Maina mambo ya kwao bara. Mpe kiti, usimwache asimame kama mteja.

Na mimi nitakuja Matsangoni. Miguu inauma lakini ni yangu, itafanya ninavyoiambia. Nakuja na Kahonzi na Kadii na wanawake wa kisimani, tutalala njiani kwa jamaa zake Kadii. Wote wanataka kuiona zahanati. Zahanati ni kitu kizuri.

Kula vizuri kabla ya siku hiyo. Mwenye njaa hachezi.

Hawe yako,
Kanze
(dole)

(Randu, amenikataza kuongeza neno. Sijaongeza. J.)

*

Ganze
7 Februari 1988

Mume wangu mdogo,

Sitaji ulipo kwa sababu sipajui, na Jedida anayepajua nimemkataza kunitajia. Barua hii haipiti posta. Itapita mikono ya watu, na mikono hiyo nimeichagua mimi.

Ulicheza vizuri. Ulipopiga makofi yako mawili pale mbele ya harambee nzima, hakuna aliyepumua. Nilipoita "Randu!" wewe uliganda, nikasema moyoni, huyu amesahau, tumekwisha. Kisha ukaweka gitaa chini, ukajifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Babu yako mtupu! Kiuno kile kile kibaya. Ukacheza ukipita katikati ya wale wanaume wa viatu, nao wakakupisha. Wawili ni watoto wa kwetu, niliwaona. Miguu yao ilitoka njiani kabla vichwa havijaulizwa. Nikasikia pikapu ya Maina ikikohoa nyuma ya kanisa, pale Jedida alipomwambia angoje, ikawaka, ikaenda. Nikashusha pumzi.

Hapo ndipo ulipoishia wewe. Jedida amekuandikia kwamba baada ya hapo yalikwisha kwa amani. Ni mtu mzuri, lakini kudanganya hajui. Andika, Jedida, usinitazame hivyo.

Diwani alichukua kipaza sauti akasema, "Huyo ametoka. Nani mwingine?" Anacheka kwa meno tu. Nikajua hataondoka pale bila jina la mtu. Basi nikauendeleza mwenyewe, kwa sauti yangu hii ya kinu. Makofi mawili. Nikajitaja, "Kanze!" nikajifuta. Kahonzi akajitaja, akajifuta. Kadii akajitaja. Baadaye hatukungoja zamu. Kila mtu anaita jina lake mwenyewe, wanawake, wazee wenye fimbo, muuza maandazi, mpaka mchungaji aliyeletwa kuomba. Uwanja mzima unajifuta midomo. Yule mwenye viatu ameshika kalamu, hajui aandike nani, labda aandike Matsangoni nzima. Nilicheka, Randu. Nilicheka kama msichana. Nikasema, Kanze, umewaweza.

Lakini kuna kitu sikukifikiria. Watu wote walipokwisha kujifuta, kila mmoja akamtazama aliyebaki.

Hakuna aliyemtaja. Mimi shahidi, hakuna. Yeye amekaa kwenye kile kiti cha sofa walichomletea, jua linamchoma, chupa ya soda mkononi. Akatoa leso, akajifuta midomo.

Sijui kama lilikuwa jasho. Sijui kama ilikuwa soda. Au ni yule mtoto niliyembeba, mkono ukamtoka wenyewe. Watu walipiga kelele ambayo sijaisikia tangu siku ya ini la kwanza. Na mimi nikamnyooshea mikono yote miwili nikamwambia, "Sasa cheza, mwanangu! Cheza utoke, yaishe!" Sikumkejeli. Nilimaanisha. Angenichezea hatua mbili tu ningembeba tena mgongoni na suti yake.

Hakucheza. Aliikunja leso pembe kwa pembe, akaitia mfukoni. Akaja mpaka niliposimama, akainama kama anayeniamkia, akaniambia sikioni, "Hawe, leo umeumaliza wimbo." Kwa upole kabisa. Upole ule bado umo sikioni mwangu kama mdudu, nimejaribu kuutoa kwa maji ya moto, hautoki.

Mwambire amerudi. Walimwacha kandokando ya barabara. Hapandi tena, mikono haishiki kamba. Mkewe alikuja kunipa habari. Anasema watoto wakipiga makofi uani, yeye anafunika kichwa.

Na mimi wale wa viatu wameniita ofisini kwao, Jumatatu ya wiki ijayo. Mjumbe alisema wanataka niwaeleze wimbo. Nikamwambia ni wimbo mfupi, unaelezeka. Hakutaka hata maji ya kunywa, na ametoka mbali.

Nitakwenda, kwa sababu nisipokwenda watakwenda kwa Kahonzi, na yeye ana watoto wadogo. Wewe usirudi. Nikikuona hapa nitakuchapa, hujawa mkubwa kiasi hicho. Maneno ya wimbo unayo. Watu wa huko wafundishe kujifuta kwanza, kisha ndiyo uwaimbie. Na usiufungie kwenye chombo chochote, uache utembee kwa miguu yake.

Ukiambiwa nililia, ni uongo. Ukiambiwa niliwatukana, hiyo huenda ikawa kweli.

Kula.

Hawe yako,
Kanze
(dole langu safari hii nimelikandamiza sana, ulione vizuri)

*

Nje ya ofisi
Jumatatu, 15 Februari 1988

Ndugu Randu,

Hii ni mimi, Jedida. Leo hakuna wa kuniambia niandike nini, kwa hiyo utanisamehe kama sijui kupanga.

Karatasi yako yenye maneno "Hawe, usiende" ilifika jana jioni. Nilimsomea. Akasema, "Mwambie anisikilize mara moja katika maisha yake." Halafu akaniomba nimsomee tena, na tena, mpaka nikaona ni jina "Hawe" ndilo alilotaka kulisikia.

Asubuhi alivaa sketi yake mpya ya marinda, lile hando alilosema ni la kuzikiwa, akafunga ugoro kwenye pindo la leso. Tulitembea pamoja. Njiani alinifundisha wimbo wote. Mimi mtu wa kanisa, nimeuimba barabarani mchana kweupe mpaka kwenye geti. Alipiga makofi akanitaja mimi, kwa sababu ya chaki za shule ninazokwenda nazo nyumbani. Nilishangaa, sikujua kwamba anajua. Nikajifuta. Akaniambia, "Sasa na wewe ni mtu wa hapa."

Hawakuniruhusu kuingia. Nimekaa chini ya dirisha, nimeweka karatasi juu ya Biblia ninaandika. Mwanzo nilimsikia anawasalimia, akamuuliza mmoja ni mtoto wa nani, na kama mamake anajua kazi anayofanya. Mmoja akacheka. Kweli alicheka, nilimsikia, nikamshukuru Mungu.

Halafu sauti nyingine, ya upole, ikasema, "Tuimbie."

Akaimba. Sauti yake haikutetemeka hata mahali pamoja. Mbuzi, moshi, midomo. Akafika mwisho. Akapiga makofi mawili.

Tangu hapo ni kimya. Kivuli kimehama kutoka ukuta huu mpaka ule. Mtu ametoka kulifunga dirisha, amenitazama, hakuniambia niondoke. Ninaendelea kungoja mtu ataje jina huko ndani. Lolote. Hata langu.

Sitaondoka hapa bila yeye. Barua hii nitaituma akitoka, aweke alama yake kama kawaida. Ukiipata bila alama, utajua nimeituma hivyo kwa sababu sikuweza kungoja zaidi.

Wino ninao mfukoni. Hapa chini, pa dole gumba, nimepaacha wazi.

Jedida